Kinanda cha FM: Ukisake au Ukiunde?

Leo naanza na ujumbe uliotoka Morogoro, kwa mpiga kinanda wa kwaya ambaye jina lake nitalihifadhi. Anaandika hivi: "Shikamoo mzee. Ile piano ya nyimbo za miaka ya themanini, inayong'aa utadhani ni ya kioo, wenzangu wananiambia inatoka kwenye kinanda cha FM. Nimekitafuta Dar mpaka nimechoka. Nitakipata wapi, na kama hakipatikani, naweza kukiunda mwenyewe?"

Marahaba, kijana wangu. Jibu kwanza, maelezo yatafuata. Usihangaike kusaka ile mashine maarufu ya Yamaha, DX7. Tafuta kinanda chochote chenye funguo zinazohisi nguvu ya kidole na chenye mlango wa MIDI, ule wa kuunganisha vyombo vya umeme, halafu ubongo wa FM uunde mwenyewe nyumbani. Inawezekana, haihitaji mkopo, na piano utakayoipata ni ile ile uliyoizoea kwenye kanda. Najua wapenzi wa mashine za zamani watanijia juu. Haki yao nitawapa kabla kipindi hakijaisha.

Sasa hiyo FM ni kitu gani? Kama umenikamata kwenye bendi ya megahezi 88 mpaka 108, basi unayo hapo hapo mkononi. Kituo kinarusha wimbi la kasi mno, mitetemo kama milioni mia moja kwa sekunde, ambalo lenyewe sikio haliwezi kulisikia. Sauti yangu inaliyumbisha: nikipaza linayumba sana, nikinyamaza linatulia, na redio yako kazi yake ni kukusomea kule kuyumba. Mmarekani Edwin Armstrong alipewa hataza za utaalamu huo mwaka 1933. Kuna wimbi linalobeba na kuna wimbi linaloyumbisha. Yashike hayo mawili, maana hata kwenye kinanda cha FM ni hayo hayo. Tofauti ni kwamba ndani ya kinanda yote mawili yamo katika masafa ambayo sikio linayasikia, na hapo matokeo yanakuwa mengine kabisa.

Aliyeligundua jambo hili hakuwa mhandisi. John Chowning alikuwa mtunzi wa muziki na mpiga ngoma, aliyewahi kusoma Paris kwa mwalimu Nadia Boulanger. Mwaka 1967 alikuwa akitumia kompyuta ya maabara ya akili bandia ya Chuo Kikuu cha Stanford, akitafuta namna ya kuzitia uhai sauti za kompyuta, ambazo enzi hizo zilikuwa kavu kweli kweli. Akawa anazitia mtetemo, ule ambao waimbaji wetu wa taarab wanautia kooni mwishoni mwa mshororo, mara tano au sita kwa sekunde. Akauongeza kasi. Akauongeza tena. Ikafika mahali sikio halisikii tena sauti inayopanda na kushuka, linasikia sauti moja iliyotulia ila yenye rangi ambayo haikuwepo.

Mezani hapa studio nina kisanduku changu cha FM na kinanda kidogo, kwa hiyo tusikilize wenyewe. Hii ni sauti tupu ya hezi 200, wimbi moja peke yake. Butu, haina mdomo. Naliyumbisha kwa wimbi la pili, mara sita kwa sekunde: unasikia inavyolegalega. Napandisha. Kwenye 20 inakwaruza, kwenye 60 inanguruma, na sasa nafika 200, sawasawa na lile la kwanza. Hiyo hapo ni tarumbeta, au tuseme binamu yake. Sijagusa nota, sijaongeza chombo. Ni mawimbi mawili tu ya hezi 200.

Naondoa 200 kwenye lile la pili, naweka 280. Kengele! Kwa nini kengele? Kwa sababu mawimbi mawili yakiyumbishana huzaa mengine pembeni yake, kwa kujumlisha na kutoa. Chukua 200, ongeza 280, unapata 480, ongeza tena, 760, tena, 1,040. Upande wa kutoa unashuka chini ya sifuri na kurudi umegeuzwa: 80, 360, 640. Katika hizo sita hakuna hata moja inayogawanyika kwa 200. Sikio likikutana na mitetemo isiyopatana kiasi hicho halisikii uzi wala filimbi, linasikia chuma kilichogongwa. Mfano huu wa 200 kwa 280 Chowning aliutoa mwenyewe katika makala yake ya mwaka 1973, na hadi leo ndio ninaoujaribu kwanza kila ninapowasha chombo kipya cha FM. Chombo kikishindwa kunipa kengele hiyo, hatuna la kuzungumza.

Lakini subiri. Kengele ya kweli hufoka mwanzoni, kisha ukali wote huondoka, ukabaki mlio mmoja unaofifia. Kwa hiyo lile wimbi la pili nalipangia lianze na nguvu kisha lipungue. Sikia. Ukali umeondoka wenyewe, mwili wa sauti umebaki. Halafu nafanya jambo moja la mwisho: nguvu ya wimbi hilo naifunga kwenye kidole changu. Nikigusa taratibu, laini. Nikigonga, meno yanatoka. Angalia vizuri: kupanda kwa sauti ni jambo dogo hapa, kikubwa ni kwamba sauti yenyewe imegeuka kuwa nyingine. Hiyo ndiyo roho ya FM, na ndiyo sababu nilitangulia kusema tafuta funguo zinazohisi.

Kinanda cha kanisani kwenu bila shaka kina piano ya namna hiyo. Nenda kwenye orodha ya sauti za kawaida za MIDI, namba 6, piano ya umeme ya pili. Viwanda vingi huweka pale nakala ya piano ya FM. Ila ile ni rekodi. Mtu aliigonga nota mara moja, pengine mara tatu, akaihifadhi. Wewe ukigonga kwa nguvu, kinanda kinapaza rekodi ile ile au kinaruka kwenda nyingine, na mpigaji mwenye sikio anahisi kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja.

Turudi kwa Chowning. Stanford iliipeleka hesabu yake kwa viwanda vya Marekani vilivyokuwa vikitengeneza ogani, Hammond wakiwemo. Hawakuona la kufanya nayo. Yamaha ya Japani ikamtuma mhandisi kijana, Kazukiyo Ishimura, naye akaelewa papo hapo. Miaka mingi baadaye akaja kuwa rais wa kampuni. Yamaha yenyewe, kwa taarifa yako, ilianzia kwa fundi: mwaka 1887 Torakusu Yamaha aliitwa kwenye shule moja ya Hamamatsu kutengeneza kinanda kibovu, akakifungua, akaondoka na nia ya kuunda cha kwake. Chowning naye chuo kilikuwa kimekataa kumpa ajira ya kudumu. Yamaha walipojitokeza akarudishwa. Hataza ya FM ilitolewa mwaka 1977 na ikaja kuiingizia Stanford zaidi ya dola milioni 20. Nawaachia wakuu wa vyuo vyetu wakumbuke hilo siku wanapopunguza bajeti ya idara ya muziki.

Mwaka 1983 ndipo ilipoingia sokoni DX7, kwa dola 1,995 za Marekani. Ilikuwa na funguo 61, iliweza kutoa nota 16 kwa mpigo, na kila nota ilijengwa kwa mawimbi sita, ambayo Yamaha waliyapa jina la maopereta. Maopereta hao waliunganishwa kwa mipangilio 32: huyu amyumbishe yule, hawa wawili wasimame peke yao, yule ajiyumbishe mwenyewe. Ziliuzwa zaidi ya 150,000, kiasi ambacho sinthesaiza haikuwahi kukiota kabla ya hapo. Mwananadharia wa muziki Megan Lavengood amechunguza nyimbo zilizoshika namba moja Marekani mwaka 1986, akaikuta piano hii ya DX7, kwa jina E. PIANO 1, katika hadi asilimia 40 ya nyimbo hizo. Siri ya ung'aavu wake ni ndogo tu. Mmoja wa maopereta wake wanaoyumbisha amewekwa kwenye mara 14 ya nota unayopiga, na huyo ndiye anayetoa ule mgoto wa kwanza wa kioo. Namzima, sikia: piano imegeuka ubao. Namwasha: ile pale.

Wanamuziki wa bara letu nao waliichukua sauti hii mapema. Kanda ya Hailu Mergia ya mwaka 1985, ambamo Mhabeshi yule alichukua akodiani akaizungushia vinanda vya umeme, DX7 ikiwemo, ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kusikia FM ikitumika kwa nyimbo zisizotoka Marekani wala Ulaya. Itafute. Imetolewa upya na haipatikani kwa taabu.

Pamoja na sifa zote hizo, Yamaha waliwanyima wapigaji kitu kimoja: urahisi wa kuigusa sauti. Kila sauti ya DX7 ina thamani 145 za kupanga, na kazi hiyo yote unaifanya kwa kitelezi kimoja, vitufe bapa visivyoinuka, na kijiskrini cha mistari miwili ya herufi 16. Unabonyeza, unasoma kifupisho, unasogeza kitelezi, unasahau ulikuwa unamrekebisha opereta yupi. Matokeo yake dunia nzima ikapiga sauti zile zile za kiwandani. Sioni ajabu. Ningekuwa na kazi ya ukumbini jioni hiyo na mimi ningebonyeza namba 11, ile ile E. PIANO 1, nikaendelea na maisha yangu.

Haya, tuje kwenye kusaka, niwape wapenzi wa mashine haki yao. DX7 nzima, iliyotunzwa, ni chombo kizuri. Funguo zake ni za kupendeza, na kwenye sauti yake kuna chembechembe za ukali ambazo baadhi yetu tunazitaka, zinazotokana na namna mashine ile ya zamani ilivyogeuza namba kuwa umeme. Ukiipata karibu na nyumbani, ukaiwasha mwenyewe, ukaipiga, nunua. Ninachokukataza ni kuagiza kutoka mbali kwa kuangalia picha.

Nilipita kwa fundi mmoja wa vyombo vya muziki Kariakoo, kijana aliyekwisha kufungua vinanda vya kila namna.

"Shikamoo mzee, karibu, kaa hapo juu ya spika."

"Marahaba, fundi. Za kazi? Hebu niambie, hizi DX zinazokuja kwako huwa zinaumwa nini?"

"Umeme, mzee wangu. Mtu anatumiwa na ndugu yake aliyeko Marekani, anachomeka ukutani bila kusoma, moshi."

Ndivyo ilivyo. DX7 zilizouzwa Marekani zinataka volti 120, za Japani volti 100. Ukuta wako una 230 na zaidi. Nyuma ya mashine pana maandishi yanayotaja volti zake. Yasome kabla ya kutoa pesa, na kama si za kwetu, andaa transfoma ya kushushia umeme. Ukishaunguza upande wa umeme unaweza kuurekebisha, lakini moto ukifika kwenye zile chipu mbili zinazofanya hesabu ya FM, YM21280 na YM21290, umekwisha. Yamaha walizitengeneza kwa ajili ya familia hiyo tu, na leo dawa yake ni kuichinja DX7 nyingine.

Fundi akanionyesha jingine. Akafungua mfuniko, akaelekeza bisibisi kwenye betri bapa ya duara, kama ya saa, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ndiyo inayohifadhi sauti 32 za ndani mashine inapozimwa. Ikiisha, ukiwasha unakuta majina ya sauti yamejaa herufi za ovyo na kila unachobonyeza kinapiga makelele. Wauzaji wengi wakiona hivyo huamini mashine imekufa, nawe huna sababu ya kuwasahihisha kabla hamjaelewana bei. Betri yenyewe ni kitu cha bei ndogo. Mwambie fundi alehemu kishikio ili mara nyingine ubadilishe bila moto. Kisha pima funguo moja baada ya nyingine, polepole halafu kwa nguvu. Ufunguo unaofoka hata ukiguswa kidogo una uchafu kwenye mguso wake, na huo husafishwa. Na jiandae kubeba: ni bati, kilo 14 na ushee.

Kuna msikilizaji mmoja tu ambaye ningemshauri aende sokoni kwa moyo mmoja, naye ni wa taarab. DX7 ya kwanza haina namna ya kukupa jedwali la kulegeza nota mojamoja, kwa hiyo makamu za Kiarabu, zenye zile robo za sauti ambazo mpiga ganuni wa Zanzibar anazipata kwa kubadilisha vigingi vidogo, hazikai. Mrithi wake, DX7II, aliyefuata miaka michache baadaye, anakuruhusu kupanga mlingano wako mwenyewe. Taarab ya kisasa ilipoingia miaka ya tisini, vinanda vya umeme vikachukua nafasi ya fidla na akodiani, na malalamiko ya wazee kwamba nyimbo zimenyooshwa kama rula yalikuwa na ukweli ndani yake. Mwenye DX7II na masikio mazuri anaweza kuwajibu wazee hao kwa vitendo.

Vidogo vya kisasa nitavipitia haraka. Korg wana Volca FM, kisanduku cha betri chenye maopereta sita kinachosoma sauti za DX7, ila cha kwanza kinatoa nota tatu tu kwa mpigo, na kwaya haiwezi kuishi kwa nota tatu. Toleo la pili linatoa sita. Yamaha walitoa reface DX mwaka 2015, yenye spika zake na funguo 37 za vidole vya mtoto, maopereta wanne, na haisomi sauti za DX7. Nzuri kwa kujifunzia, kwa ibada hapana. Ukikuta kwenye mitumba vile vinanda vidogo vya Yamaha vya miaka ya themanini vya jina la PortaSound, vyenye herufi PSS, vichukue: kadhaa kati yake ni FM ya kweli ya maopereta wawili. Na kama uliwahi kuwa na simu ya milio ya polifoni mwanzoni mwa miaka ya 2000, kuna uwezekano mkubwa ulitembea na chipu ya FM ya Yamaha mfukoni bila kujua.

Sasa kuunda. Hataza ya Chowning ilikwisha katikati ya miaka ya tisini, hesabu ikawa ya kila mtu. Watu wa programu huria wakaiandika upya DX7 nzima kwa ajili ya kompyuta, wakaiita Dexed. Wengine wakaichukua injini ile wakaitia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja yenye ukubwa wa kitambulisho, ikawa MiniDexed. Yote ni bure. MiniDexed haipandi juu ya Windows wala Linux. Ukichomeka umeme, bodi inaamka ikiwa kinanda, sekunde chache basi. Kwenye Raspberry Pi 3 au 4 unapata DX7 nane zinazofanya kazi pamoja, sawa na TX816, kabati ambalo Yamaha walilijaza DX7 nane zisizo na funguo na ambalo wakati wake lilikuwa la studio za matajiri.

Vitu unavyohitaji ni bodi yenyewe, memori kadi, kibao kidogo cha kutolea sauti chenye chipu ya PCM5102A, skrini ya herufi, na kitasa cha kuzungusha kinachobonyezeka. Skrini, utacheka, ni ya mistari miwili ya herufi 16, kipimo kile kile cha mwaka 1983. Wauzaji wanaowahudumia wanafunzi wa vyuo vya ufundi kwa miradi yao ya Arduino wanavyo karibu vyote, iwe Dar au Luthuli Avenue kule Nairobi. Pengine kibao cha sauti ndicho utakachoagiza. Usishawishike kukiacha. Tundu la hedifoni la Pi linatoa sauti, lakini lina mchakacho, na piano ya FM inapofifia polepole mwishoni mwa pambio, mchakacho ndio utakaobaki kanisani.

Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja kwa mtu aliyezoea kulehemu. Memori kadi unaiandaa kwa mfumo wa FAT32, unanakili mafaili ya MiniDexed, unairudisha. Kibao cha sauti kina nyaya chache, skrini na kitasa vina nyaya zaidi, na kuna faili moja la maandishi ambamo unaiambia bodi ni pini zipi ulizotumia. Wengi wanaokwama wanakwama hapo: waya uko sawa, namba kwenye faili ndiyo iliyokosewa. Kinanda chako kikiwa na mlango wa USB wa kwenda kwenye kompyuta, waya mmoja unatosha, bodi inakitambua. Kikiwa cha zamani chenye MIDI ya matundu matano ya duara, nunua waya wa kugeuzia kwenda USB. Ukitaka kuujenga mlango huo mwenyewe, weka optokapla kama 6N138 katikati, na hakikisha pini za Pi hazipati zaidi ya volti 3.3. Ukiipelekea 5, pini inakufa na pengine bodi nzima.

Kuhusu kinanda cha kupigia nitarudia, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Usidanganyike na wingi wa midundo wala taa. Omba sauti ya piano, gusa ufunguo mmoja taratibu kisha ugonge. Sauti ikitoka sawa mara zote mbili, kirudishe. Yamaha PSR-E273, kwa mfano, ni kinanda kizuri cha kuanzia shule, lakini funguo zake hazihisi na hakina mlango wa kwenda kwenye kompyuta. Ndugu zake wa namba za 300 wanahisi. FM isiyohisi kidole inabaki kuwa mlio wa simu.

Kuna faida moja ambayo wenye DX7 hawana. Kisanduku ulichokiunda kinakula volti 5, kwa hiyo pawa benki nzuri inakiendesha. Umeme ukikatika katikati ya mkesha wewe unaendelea, ilimradi kinanda na spika navyo vina betri. Na kwa kuwa hakuna mfumo endeshi wa kufunga, ukiuchomoa waya ghafla hakuna kinachoharibika, isipokuwa kama ulikuwa unahifadhi sauti dakika hiyo.

Baada ya hapo zinakuja sauti. Zile za kiwandani za 1983 na maelfu ya nyingine zilizotengenezwa na wapigaji wa kila nchi zinapatikana kwa mafaili madogo. Faili moja la sauti 32 lina baiti 4,104. Picha moja ya WhatsApp ni nzito kuliko mafaili kumi kama hayo. Utashawishika kuzipakua zote. Wapigaji wengi wakishafika hapo hawatengenezi tena hata sauti moja. Wanabaki wakifungua na kufunga mafaili, wakitafuta nzuri kuliko ya jana. Mimi naona ni hasara. Zima maopereta wanne, baki na wawili, mmoja abebe na mwingine ayumbishe. Muweke wa pili kwenye mara 1, kisha 2, kisha 14, kisha 1.40, na katika kila kituo badilisha jambo moja tu: anapungua nguvu kwa kasi gani. Baada ya majuma machache ya zoezi hilo, zile thamani 145 hazitakutisha.

Na tuna kazi yetu hapa ambayo viwanda vya Hamamatsu havijaifanya. FM inapenda vyuma vinavyokwanyuliwa kuliko kitu kingine chochote, nasi tuna ilimba ya Wagogo, chombo ambacho marehemu Hukwe Zawose alikizungusha duniani. Ina mgoto mfupi mwanzoni, mwili mtamu unaokaa, na ule mvumo wa pembeni usiotulia. Mgoto na mwili nimevipata kwa maopereta wanne. Mvumo bado unanipiga chenga, nadhani unamtaka yule opereta anayejiyumbisha mwenyewe, kwa kiwango kidogo mno.

Kwa hiyo kijana wa Morogoro, kesho kigeuze kinanda cha kwaya, upige picha mgongo wake, unitumie. Nitakuambia kama kinafaa kabla hujatumia hata shilingi. Na wewe msikilizaji mwingine mwenye DX7 stoo, au mwenye kisanduku ulichokiunda, jaribu hiyo ilimba. Atakayeupata mvumo wake anitumie faili lile la baiti 4,104 kama lilivyo, aandike ni sauti namba ngapi kati ya 32, nami nitaipiga hapa hewani kwa jina lake.